Kuchagua Mabuti ya Safari za Miguu: Mguu Kwanza, Kiatu Baadaye

Kucha ya kidole gumba cha mguu iking'oka, huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota upya yote. Nalijua hilo kwa sababu nimelingoja. Nilikuwa na mabuti mapya, ngozi ya kahawia inayong'aa, nikapanda nayo mlima siku mbili bila kulalamika. Kilichonimaliza ni kushuka. Kila hatua mguu ulikuwa ukiteleza mbele ndani ya kiatu, vidole vinagonga ukuta, gu, gu, gu, kwa saa sita. Usiku nilipovua soksi kucha mbili zilikuwa nyeusi, damu imevilia chini yake.

Aliyeniuzia alikuwa ameniambia: "Vaa tu, yatalegea." Ngozi hulegea kweli, tena kwa upana na kidogo tu. Urefu wa kiatu hauongezeki hata ukikivaa miaka kumi.

Wengi wetu hununua mabuti kwa macho, kisha kwa namba, halafu mguu unaletwa mwisho kabisa ukubaliane na yaliyokwisha kuamuliwa. Hapa tutakwenda kinyume.

Hatua ya 1: Jiulize utakanyaga wapi

Hakuna buti zuri la kila mahali, kama vile hakuna anayechongea penseli kwa shoka. Ukitembea njia zilizosawazishwa na mzigo mdogo mgongoni, huhitaji buti refu hata kidogo. Kiatu kifupi chenye soli ya meno kinatosha, na hutachoka upesi. Mzigo ukizidi kilo 10 hivi, au njia ikiwa ya mawe legelege, miiba na matope, hapo ndipo buti la kufunika kifundo cha mguu linapoanza kuwa na faida. Yale mazito ambayo soli yake haikunjiki waachie wanaokwenda kwenye barafu na miamba.

Uzito usiupuuze. Wapanda milima husema kilo 1 mguuni ni sawa na kilo 5 mgongoni, na vipimo vya kitaalamu vya nguvu anayotumia mtembeaji vimeangukia karibu na hapo hapo, vingine hata zaidi ya mara 6. Si ajabu. Mzigo wa mgongoni unasogea mbele kwa mwendo mmoja, lakini kiatu unakinyanyua, unakirusha, unakisimamisha, kisha unaanza tena, na katika kilomita 1 tu miguu yote miwili kwa pamoja hufanya hivyo kama mara 1,300 hadi 1,500. Jozi mbili zikikutosha sawasawa, chukua iliyo nyepesi.

Nami niseme jambo ambalo wauzaji wengi hawatalipenda. Watu hununua mabuti marefu wakiamini kwamba hawatateguka tena. Shingo ya buti huzuia changarawe na tope, hukinga ule mfupa wa kifundo usigongwe na mawe, na hukushtua mguu unapoanza kupinda. Lakini uzito wa mwili mzima ukishaangukia upande mmoja, shingo laini ya ngozi haina ubavu wa kuuzuia. Kifundo huimarishwa kwa mazoezi. Simama kwa mguu mmoja kila unapopiga mswaki, asubuhi na usiku, na baada ya wiki kadhaa utaona tofauti ambayo hakuna kiatu kingekupa.

Hatua ya 2: Pima miguu yako jioni

Mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Ukisimama na kutembea kutwa, maji ya mwilini hushuka na miguu huvimba. Siku ya safari ndefu huvimba zaidi. Anayejaribu mabuti asubuhi, katoka kitandani, ananunulia mguu ambao hatakuwa nao saa tisa alasiri akiwa njiani.

Weka karatasi sakafuni, ukingo wake ukigusa ukuta. Vaa soksi zile zile utakazotembelea. Simama, kisigino kikigusa ukuta, na uzito wako wote uulaze kwenye mguu huo. Usipime ukiwa umekaa: ukisimama, upinde wa unyayo hushuka na mguu huongezeka urefu na upana kwa milimita kadhaa. Mwombe mtu akuchoree, maana ukiinama mwenyewe uzito unahama. Penseli isimame wima kabisa. Ikilalia ndani utapata mchoro wa mguu mwembamba usio wako. Halafu pima kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengi ni kidole gumba, ila kuna ambao kidole cha pili kimekizidi, na hao ndio huumia sana kwa sababu hakuna anayewauliza.

Pima upana pia, pale mguu unapotanuka chini ya vidole.

Fanya miguu yote miwili. Karibu kila mtu ana mmoja uliouzidi mwingine, na unanunua kwa kuufuata ule mkubwa. Mdogo unaweza kuujazia kwa soksi nene zaidi au soli ya ndani ya ziada. Mkubwa huwezi kuupunguza.

Ile karatasi usiitupe. Ikate kwa kufuata mchoro, uende nayo dukani.

Hatua ya 3: Usiiamini sana namba

Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67 kila namba. Za Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, kama milimita 8.5, na za Marekani kwa wanaume kwa kawaida huzidi zile za Uingereza kwa moja. Hata ukizijua hizo zote, bado kuna mtego. Namba 42 ya Ulaya ni sentimita 28, lakini hizo ni za kalibu, kile kipande chenye umbo la mguu ambacho kiatu hutengenezwa juu yake. Si urefu wa mguu wako. Kila kiwanda huamua chenyewe kiache nafasi kiasi gani kati ya mguu na kalibu, na kalibu ya huyu ni pana mbele wakati ya yule imechongoka. Ndiyo maana mtu anavaa 42 ya kampuni moja na 43 ya nyingine, na zote zinamkaa sawa.

Upo mfumo unaotaja urefu wa mguu wenyewe kwa milimita, uitwao Mondopoint, nao hutumika zaidi kwenye mabuti ya kuteleza thelujini. Ukiukuta kwenye lebo, ufuate huo.

Jambo jingine: mguu wa mtu mzima haukai vile vile. Umri, uzito na ujauzito huutanua na kuurefusha. Kama mara ya mwisho ulipima miaka minane iliyopita, pima tena.

Hatua ya 4: Mitihani ya kufanya dukani

Hapa ndipo watu huona haya. Muuzaji amesimama, wateja wengine wanangoja, nawe unatembea hatua tatu kwenye zulia na kusema yamekaa vizuri. Usikubali. Tenga nusu saa, na ikibidi mwambie mwenye duka mapema.

Anza kwa kuitoa soli ya ndani, ile inayochomoka. Iweke sakafuni, weka juu yake ule mchoro wako. Mchoro ukimwagikia nje upande wowote, buti litakubana papo hapo, na hakuna haja ya kulivaa. Kipimo hiki huchukua nukta chache na kimeniondolea nusu ya mabuti niliyokuwa nikiyatamani.

Likivuka hapo, vaa bila kufunga kamba. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha, kisha ingiza kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kidole kimoja kiingie kwa kujibana kidogo. Kisipoingia, buti ni fupi. Vikiingia viwili, ni refu.

Sasa rudisha kisigino nyuma kwa kukigonga sakafuni mara mbili, ndipo ufunge kamba hadi juu. Vidole viweze kucheza kama unavyopiga kinanda, na mbele yake ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5. Pande za mguu zishikwe bila kubanwa. Tembea. Kisigino kikinyanyuka kidogo sana, milimita chache tu, si neno kwa buti jipya ambalo soli yake bado ngumu. Kikipanda na kushuka kama ndoo kisimani, weka chini.

Mtihani mkubwa ni mteremko. Maduka mengine huwa na kibao kilichoinamishwa kwa ajili hiyo. Kama hakuna, tafuta ngazi au njia ya magari inayoshuka mlangoni. Shuka kwa kishindo, tena zaidi ya mara moja. Piga ncha ya buti sakafuni kama anayepiga mpira polepole. Vidole vikigusa mbele hata mara moja, hilo si lako, hata kama rangi yake imekupendeza. Mimi ningalifanya hivi siku ile ningalikuwa na kucha zangu.

Baki nayo miguuni dakika 15 au 20, mwili ukiwa unafanya mambo: panda, chuchumaa, simama kwa vidole, beba begi lenye uzito. Sikiliza mahali pamoja pamoja. Kubanwa kwa jumla kunaweza kupungua, lakini nukta moja inayochoma, kama juu ya mfupa wa kifundo au pale ulimi unapokunjika, haitakuja kutulia. Dukani ni mwasho mdogo. Baada ya kilomita 8 ni lengelenge.

Ukinunua kwa mtandao, fanya haya yote nyumbani, juu ya zulia safi, kabla hujatoka nje. Soma masharti ya kurudisha kabla hujalipa. Soli ikishagusa vumbi, ni yako.

Mwenye kisukari au ganzi ya miguu asitegemee kuhisi kwake peke yake, kwa sababu mguu wenye ganzi hautampa habari. Ampime mtaalamu wa miguu, na kila avuapo aikague ngozi kwa macho.

Hatua ya 5: Kagua kama litadumu

Ligeuze buti, lishike kama fundi. Uimara hauko kwenye jina lililoandikwa ubavuni. Uko mahali vipande vinapokutana.

Tazama kwanza soli ilivyoungana na sehemu ya juu. Mabuti mengi ya siku hizi yamegundishwa tu. Gundi nzuri haina ubaya na hupunguza uzito, lakini ikichoka, kiatu huanza kucheka: mbele kunaachama kama mdomo. Minya buti karibu na ncha, uvute soli na ngozi kinyume. Ukiona mwanya wowote au uzi wa gundi ukinyooka, liache. Mengine yameshonwa kuzunguka, kwa ukanda wa ngozi au mpira unaofunga soli na sehemu ya juu kwa pamoja. Haya ni mazito na bei yake imepanda, ila soli ikiisha fundi huifumua na kuweka nyingine bila kugusa ngozi. Kwa mtu atembeaye kila wiki, hilo hurudisha fedha yake. Kwa atokaye mara mbili kwa mwaka, sioni sababu.

Kisha likunje. Shika kisigino mkono mmoja na ncha mkono mwingine, usukume. Lazima likunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo. Linalokunjika katikati kama gazeti halina kile kipande kigumu cha chuma au plastiki kinachowekwa ndani ya soli kuubeba mguu, na ukikanyaga mawe yenye ncha utayahesabu yote. Lipindishe pia kama unayekamua nguo. Kwa njia za mawe na mzigo mzito unataka linalokataa. Kwa njia laini, linaloitikia kidogo.

Sehemu ya juu ina hesabu yake. Ngozi iliyoachiwa uso wake wa asili, isiyochanwa tabaka wala kusuguliwa, ndiyo inayostahimili maji na mikwaruzo kuliko nyingine zote, na ikitunzwa inaweza kuishi kuliko soli mbili. Ile iliyosuguliwa upande wa juu mpaka ikawa kama mahameli ni imara pia, ila hunywa maji na mafuta upesi. Ya tabaka la ndani, yenye manyoyamanyoya, ni laini na rahisi, na huchoka mapema. Kitambaa cha nailoni ni chepesi, kinapumua na kukauka haraka. Adui yake ni mawe makali na miiba, na kila mahali kinapoungana na ngozi pana mshono wa kufumuka. Hesabu mishono. Buti lenye vipande vichache lina mahali pachache pa kuanzia kuharibika. Ukiona nyuzi zinapita pale pale buti linapokunjika mbele, jua ndipo litakapoanza kupasuka.

Ukanda wa mpira unaozunguka ncha ni jambo dogo lenye faida kubwa, hasa kwa tulio na tabia ya kupiga mawe teke tukichoka. Ulimi uwe umeshonwa pembeni kwa ngozi au kitambaa mpaka karibu na juu. Ulimi unaoning'inia peke yake hukaribisha maji na changarawe.

Kuhusu meno ya soli, historia yake ina uchungu. Mwaka 1935, kwenye kilele cha Punta Rasica katika milima ya Alps, Mwitalia Vitale Bramani alipoteza wenzake sita waliokamatwa na hali mbaya ya hewa. Alizilaumu sana soli za wakati ule, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa, kwa msaada wa kampuni ya matairi ya Pirelli. Herufi za mwanzo za majina yake mawili ndizo zilizozaa jina Vibram, ambalo utaliona kwenye kibandiko cha manjano chini ya mabuti mengi. Mwaka 1954 Waitalia walifika kilele cha K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, wakiwa watu wa kwanza kukifikia, na walikuwa na soli hizo.

Unachotafuta ni meno yenye kina cha milimita 4 au 5, yaliyoachana kiasi kwamba tope linaweza kudondoka. Meno yaliyobanana hujaa udongo na kugeuka sahani. Bonyeza mpira kwa ukucha: laini hushika vizuri juu ya miamba yenye unyevu lakini huisha upesi, mgumu hudumu lakini huteleza. Huwezi kupata vyote viwili kwa ukamilifu. Mimi huchagua unaoshika; soli hubadilishwa, mfupa wa nyonga ni kazi nyingine. Kisigino kiwe na ngazi, yaani ukingo uliokatwa wima mbele yake. Hicho ndicho breki yako wakati wa kushuka.

Hatua ya 6: Lisilopenya maji, au linalokauka haraka?

Mabuti yasiyopenya maji yana utando mwembamba ndani. Ule maarufu zaidi, Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Mmarekani Robert Gore mwaka 1969, alipoivuta ghafla plastiki aina ya PTFE na kuiona ikitanuka na kujaa vitundu vidogo mno: mvuke wa jasho unapita, tone la maji halipiti.

Kwa baridi, umande na theluji, nunua lenye utando. Kwa joto, fikiri mara mbili. Mvuke hauwezi kutoka haraka kama mguu unavyotoa jasho, na mguu uliolowa kwa jasho huchubuka sawasawa na uliolowa kwa mvua. Halafu utando hauna habari na maji yanayoingia kwa juu. Ukivuka mto ukazama kupita shingo ya buti, utando ule ule uliozuia maji kuingia sasa unayazuia kutoka, na utatembea na vidimbwi viwili hadi kesho yake. Katika nchi ya joto yenye mito ya kuvuka, mimi huvaa ya kitambaa yasiyo na utando. Hulowa, hukauka njiani, na maisha yanaendelea.

Hatua ya 7: Soksi na kamba

Pamba iache nyumbani. Hunywa jasho na kulishikilia, na ngozi iliyolowa ndiyo inayochubuka. Sufu laini, au nyuzi za viwandani, au mchanganyiko wake, ndiyo soksi ya safari. Isiwe na mshono mnene juu ya vidole.

Kamba nazo zina elimu yake. Buti linalokutosha linaweza kukutesa kwa sababu ya kamba peke yake. Kisigino kikipanda, fanya hivi: unapofika pale mguu unapopinda kwenda juu, zungushiana kamba mara mbili badala ya moja, vuta, ndipo uende kwenye kulabu za juu. Msuguano wa ile mizunguko miwili huifunga sehemu ya chini isilegee, na sehemu ya juu unaweza kuikaza au kuilegeza unavyotaka. Panda mlima ukiwa umelegeza juu. Kabla ya kushuka, simama, kaza.

Kama ni upande wa juu wa mguu, chini ya kamba, panapouma, usikatishe kamba mahali hapo. Ipeleke moja kwa moja kwenye tundu la juu upande ule ule, kisha endelea kukatisha kama kawaida.

Na fundo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza kwa nini kamba hufunguka zenyewe: kishindo cha mguu hulilegeza fundo, na ncha zinazorushwa huku na huku hulivuta hadi liachie. Litazame lako sasa hivi. Masikio mawili ya kamba yakilala kukatiza kiatu, moja kushoto na jingine kulia, umefunga sawa. Moja likielekea vidoleni na jingine kwenye kifundo, hilo ni fundo bovu, na huenda umelifunga tangu utotoni. Dawa yake ni kugeuza hatua ya kwanza tu: kama huanza kwa kupitisha ya kulia juu ya kushoto, anza na ya kushoto juu ya kulia, mengine fanya ulivyozoea.

Hatua ya 8: Yazoeshe polepole

Ya kitambaa huwa tayari baada ya siku chache. Ya ngozi nene hutaka wiki kadhaa. Vaa ndani ya nyumba, kisha saa moja nje, kisha nusu siku na mzigo. Achana na ushauri wa kuyaloweka maji ya moto au kuyaweka karibu na moto yalainike. Unalainisha gundi pia.

Mahali penye joto au mwasho, usingoje. Kaa chini, vua, kausha, bandika plasta ya kitambaa juu ya ngozi kabla lengelenge halijaota. Dakika tano. Mwenye haraka hupoteza siku mbili.

Kuyatunza, na habari ya mtumba

Ukirudi, toa kamba na soli za ndani, sugua tope kwa brashi na maji, kwani tope likikaukia kwenye ngozi huinyonya unyevu na kuipasua. Kausha kivulini penye hewa. Jaza magazeti ndani, yabadilishe yakilowa. Kando ya moto, kamwe: ngozi hukauka na kukakamaa, gundi huachia. Ngozi ikishakauka, ipake nta au mafuta yake, kidogo. Mafuta mengi huilegeza kupita kiasi.

Sasa, ukikuta mabuti ya mtumba ya kampuni kubwa, ngozi safi, soli haijaisha, karibu mapya, usishangilie bado. Soli ya kati, ile iliyo baina ya soli ya meno na mguu, kwa mabuti mengi ni povu la poliyurethani, na povu hilo huvunjwa na unyevu wa hewani hata kama buti limekaa kabatini bila kuvaliwa. Mara nyingi huanza kuoza kati ya miaka 5 na 10 tangu litengenezwe. Kwa nje huoni kitu. Siku unayotembea, soli inabanduka nzima na ndani inadondoka unga kama makapi. Bonyeza ule ukuta wa povu kwa kidole gumba kwa nguvu, kote kuzunguka. Ukipata nyufa ndogondogo, au pamekuwa pa kunatanata, rudisha. Kwa sababu hiyo hiyo usiyafungie yako ndani ya mfuko wa plastiki miaka na miaka. Povu la aina ya EVA halina ugonjwa huo, ila hubonyea polepole mpaka unahisi kila jiwe.

Meno yakibaki chini ya milimita 2, kisigino kikilika upande mmoja hadi buti lililowekwa mezani linainama, lipeleke kwa fundi maadamu soli ya kati haijaguswa. Ukichelewa, kazi inakuwa kubwa na huenda akakataa.

Na ukienda kununua jipya, lile kuukuu lichukue, hata kama linanuka. Mpe muuzaji alitazame. Mahali ngozi ilipotuna, tundu dogo kwenye bitana nyuma ya kisigino, alama ya vidole iliyochimbika kwenye soli ya ndani: kama alama hiyo inafika ukingoni kabisa mbele, namba uliyokuwa ukivaa miaka yote hiyo ilikuwa ndogo.